Euro 42,000 za Berlin: usisaini bado

Dada, unaandika programu Nairobi, una digrii, na kampuni ya Berlin inakupa euro 42,000 kwa mwaka. Hazitoshi kupata Kadi ya Bluu, kibali cha Umoja wa Ulaya cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu. Kima cha chini cha mshahara kwa kazi za TEHAMA mwaka 2025 kilikuwa euro 43,759.80, na hubadilishwa kila Januari. Bonasi isiyo na uhakika haihesabiwi, kwa hiyo omba 48,000 ya mshahara wa msingi, iandikwe kwenye mkataba.

Wakikataa, kipo kibali cha kawaida cha mtaalamu, ila utakosa ukaazi wa kudumu unaopatikana baada ya miezi 21 tu (huo unadai Kijerumani cha B1, yaani kiwango cha kati). Na 42,000 ni kabla ya makato: ukiwa peke yako utabaki na takriban 2,300 kwa mwezi, na pango la Berlin linauma kweli.

Angalia chuo chako kama kina H+ (yaani kinatambuliwa) kwenye anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya vyuo vya nje. Mkataba ukikudai urudishe gharama za kuhama ukiacha kazi, mwanasheria wa kazi ausome kwanza.