Je, siku ya kupumzika inarudisha kilo nilizopunguza?

SWALI: Habari za kazi, kocha. Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Nilianza mazoezi nikiwa na kilo 86, na sasa ni wiki ya nane sijaruka hata siku moja. Siku tano nakimbia kilomita 5 kwa dakika 38 hivi, siku mbili natumia vyuma na kuruka kamba. Nilishuka vizuri hadi kilo 82, kisha wiki mbili hizi mizani imegoma. Goti la kulia nalo limeanza kuuma upande wa mbele, hasa ninaposhuka ngazi. Juzi nikajilazimisha kupumzika. Jana asubuhi mizani ikasoma 82.9. Niliingiwa na hofu, jioni nikaenda kukimbia na goti hilohilo. Je, nikipumzika narudi nyuma? Nahitaji siku ngapi za mapumziko, na siku hizo nipunguze chakula?

JIBU: Dada yangu, tuanze na hizo gramu 900, maana ndizo zilizokutoa mbio na goti linalouma. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Ili gramu 900 za mafuta ziongezeke kwa siku moja, ungelazimika kula karibu kalori 7,000 zaidi ya zile mwili wako ulizotumia siku hiyo. Ukijumlisha na matumizi yako ya kawaida, hapo tunazungumzia kalori kama 9,000 kwa siku. Hukula chakula hicho, na wewe mwenyewe unajua hukula.

Kilichoongezeka ni maji. Misuli na ini huhifadhi wanga katika umbo linaloitwa glaikojeni, na kila gramu moja ya glaikojeni hukaa pamoja na gramu 3 hivi za maji. Anayekimbia kila siku huku akijibana kwenye chakula huishi na akiba pungufu. Siku asipokimbia, wanga anaokula hauchomwi papo hapo, unakwenda kujaza akiba hiyo. Gramu 200 za glaikojeni zikirudi, zinakuja na gramu 600 za maji, na tayari mizani inasoma karibu kilo nzima zaidi. Ongeza chumvi ya mlo wa jioni, chakula ambacho bado kiko tumboni, na siku zako za mwezi kama zinakaribia. Hakuna hata tone la mafuta katika hesabu hiyo.

Maji hayohayo yanaweza kueleza kwa nini mizani imegoma. Misuli iliyochoshwa hupata michubuko midogo midogo, na sehemu inayojitibu huvuta maji. Ukiichosha tena kesho na keshokutwa, maji hayo hayapati nafasi ya kuondoka, na mafuta yanaweza kuwa yanapungua kimyakimya huku namba haisogei. Sisemi ndiyo sababu pekee. Mwili wa kilo 82 hutumia nishati pungufu kuliko wa kilo 86, na baada ya wiki kadhaa watu wengi huacha kupima chakula kwa uangalifu wa mwanzoni. Lakini kabla hujapunguza chakula zaidi au kuongeza kilomita, upe mwili wiki mbili zenye mapumziko ya kweli, halafu upime upya.

Sasa tuhesabu gharama ya kupumzika, kwa sababu hofu hupungua ikiwekewa namba. Kukimbia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 82 mara kilomita 5 ni kalori 410. Toa zile ambazo ungetumia hata ukikaa tu, zinabaki 360 hivi. Ukiacha mbio mbili kwa wiki, unapoteza kalori 720, ambazo ni sawa na mafuta yasiyofika gramu 100. Hiyo ndiyo bei yote, na sehemu yake unaweza kuirudisha: kutembea kwa dakika 45 kwa mwendo wa kawaida kutakupa kalori kama 150 juu ya zile za kukaa.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalihesabu. Sehemu kubwa ya nishati tunayotumia kwa kujongea haitoki kwenye mazoezi. Inatoka kwenye kusimama, kupanda ngazi, kufua, kubeba vitu, kutotulia kitini. Mtafiti James Levine na wenzake wa Mayo Clinic, hospitali ya utafiti ya Marekani, walilionyesha hilo mwaka 1999. Waliwapa watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane, na walioongeza mafuta kidogo zaidi ni wale ambao miili yao iliongeza mijongeo hii midogo ya kila siku. Kwako wewe hatari iko upande wa pili. Mtu aliyechoka hujikimbiza asubuhi, kisha siku nzima hatoki kitini, na lifti inachukua nafasi ya ngazi. Anaona amefanya mazoezi kila siku, kumbe kalori za asubuhi amezirudisha mchana bila kujua.

Kuhusu mwili wenyewe: baada ya mazoezi ya vyuma, kazi ya kujenga protini mpya ndani ya misuli huendelea kwa saa 24 hadi 48. Misuli inajengwa wakati huo, si wakati umeshika chuma. Mifupa na kano huenda polepole zaidi kuliko misuli na mapafu, na hapo ndipo goti lako linapoingia. Ndani ya wiki nane umetoka kwenye kutokukimbia hadi kilomita 25 kwa wiki. Pumzi imeshazoea, ndiyo maana unajiona unaweza. Goti bado. Siwezi kulitambua tatizo lake bila kuligusa, ila maumivu ya mbele ya goti wakati wa kushuka ngazi ni malalamiko ya kila siku kwa waliopandisha kilomita haraka, na mara nyingi hutulia mzigo ukipunguzwa mapema.

Usingizi pia uhesabu kama mapumziko. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaweka watu 10 wenye uzito mkubwa kwenye chakula pungufu, kwa vipindi viwili vya siku 14: kimoja walipewa saa 8.5 kitandani, kingine saa 5.5. Uzito ulipungua karibu sawa, kilo 3 hivi. Lakini waliolala vya kutosha walipoteza mafuta kilo 1.4, na kwenye usingizi mfupi mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 0.6 tu, kilichobaki kilitoka kwenye tishu zisizo mafuta, ikiwemo misuli. Mizani haikuonyesha tofauti hiyo. Kama unaamka saa kumi alfajiri ili uwahi kukimbia baada ya kulala saa sita usiku, nakusihi, lala.

Siku ngapi? Kwa hali yako, mbili kwa wiki, na zisifuatane. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi. Mbio huhesabiwa kuwa mazoezi makali, na zako tano ni dakika 190. Hata zikibaki tatu, unapata dakika 114, bado uko ndani ya kiwango. Mimi ningepanga hivi: Jumatatu na Alhamisi vyuma, Jumanne, Ijumaa na Jumamosi mazoezi ya pumzi, Jumatano kutembea tu na kunyoosha viungo, Jumapili pumziko kamili. Kwa wiki mbili za mwanzo hayo mazoezi ya pumzi yawe baiskeli au kuogelea ikiwa havikuumizi, na kamba iweke pembeni. Ukirudi barabarani, anza na kilomita 2 au 3, uone goti linasemaje kesho yake.

Chakula usikipunguze siku ya kupumzika. Hiyo ndiyo siku mwili unakarabati, na wengi husikia njaa zaidi siku hiyo kuliko siku ya kukimbia. Ukijinyima, usiku utafungua kabati. Pia usiigeuze kuwa siku ya kujipongeza kwa kula, maana mlo mmoja mkubwa unaweza kufuta kalori za mbio mbili. Kula kama kawaida na hesabu kwa wiki. Ukipenda, punguza kidogo wanga, lakini protini iache palepale: gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo, yaani gramu 100 hadi 130 kwa siku kwa uzito wako.

Pima uzito asubuhi baada ya choo na kabla ya kula, andika, kisha chukua wastani wa siku saba. Linganisha wastani kwa wastani. Kwa kuwa mwanamke huhifadhi maji tofauti kadiri mwezi unavyokwenda, ulinganisho wa haki zaidi ni wiki ileile ya mzunguko uliopita.

Kilichonigusa zaidi katika barua yako si goti, ni lile neno hofu. Ikiwa hata baada ya kuona hesabu hii bado siku bila mazoezi inakunyima amani, au unajihisi lazima ukimbie ndipo uruhusiwe kula, usibaki nalo peke yako. Zungumza na daktari au mshauri. Ni jambo linalotibika, na ni rahisi zaidi likishikwa mapema.

Dalili nyingine za kuangalia ni mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla hujatoka kitandani, yakipanda juu ya kawaida yako kwa siku kadhaa mfululizo; usingizi kukatika ilhali umechoka; na mafua yasiyoisha. Ukiona hizo, pumzika wiki nzima. Hedhi ikikosekana nenda kwa daktari, usiichukulie kuwa matokeo ya kawaida ya mazoezi, kwa sababu mifupa ndiyo inayolipa. Nenda pia ikiwa goti litavimba, litakwama au litakulegea unapolikanyagia. Na ukipata maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo wa rangi ya kahawia iliyokoza, hiyo ni dharura: nenda hospitali siku hiyohiyo.