Mbegu za papai kwa minyoo ya mtoto

Dada yangu wa Arua, umeuliza kama mbegu za papai zitamtoa mwanao wa miaka minne minyoo. Zinasaidia kiasi. Utafiti wa Nijeria uliochapishwa 2007 uliwapa watoto mbegu zilizokaushwa, zikasagwa na kuchanganywa na asali, na wengi choo kikawa safi. Ila watoto wote walikuwa 60 tu. Mimi singeziachia kazi yote. Mpeleke kituo cha afya apewe albendazoli, kidonge kimoja cha miligramu 400. Kiponde kwa kijiko, utie maji kidogo, asije akapaliwa. Kama huwa anaoga ziwani au mtoni, mwambie mhudumu, maana kichocho hakisikii albendazoli, kinataka prazikwanteli. Na ukiwa mjamzito, tafadhali mbegu hizo usizile.