Kabla hujasaini SLA ya intaneti, uliza dakika zinahesabiwaje

Jamaa anayetaka kuvuta faiba ofisini kwake Kampala huniuliza bei kwanza, kisha kasi. Asilimia ya upatikanaji wa huduma, iliyo kwenye SLA (mkataba wa kiwango cha huduma), anaitazama, anaridhika kwa kuwa imeanzia na tisa mbili, anageuza ukurasa. Mimi humwomba aurudie ukurasa huo. Kwa miaka mingi nimesimamia mitandao ya mawakala wa forodha, kutoka Nakawa hapa Kampala hadi mpakani Malaba na Busia. Karibu kila mvutano nilioushuhudia kati ya mteja na mtoa huduma ulihusu namna ya kuhesabu: nani anapima, anapima kutoka wapi hadi wapi, na dakika ya kwanza ya hitilafu ni ipi. Asilimia yenyewe haikuwa na ubishi.

Hesabu ni rahisi. Mwezi wa siku 30 una dakika 43,200. Ahadi ya 99.9% inaruhusu laini ikatike dakika 43 hivi. Ahadi ya 99.5% inaruhusu saa tatu na dakika 36, na 99% inaruhusu saa saba na dakika 12, yaani karibu siku nzima ya kazi. Mkataba ukihesabu kwa mwaka badala ya mwezi, hata ile 99.9% inakuwa karibu saa tisa, na zote zinaweza kuangukia Jumatatu moja bila kifungu chochote kuvunjwa. Mwenye matawi kumi ana mtego mwingine. Akikubali wastani wa matawi yote, tawi la Malaba linaweza kukosa mtandao saa saba ndani ya mwezi na taarifa bado ikasoma 99.9%. Dai yaandikwe maneno haya: kwa kila laini, kwa kila mwezi wa kalenda.

Halafu soma maana ya "kukatika". Hapa ndipo wengi tunapoumia. Ofisi moja niliyoihudumia ilikuwa na laini inayokwama kila alasiri. Nyaraka za forodha hazipandi, simu za mtandao zinakata maneno, madereva wamepanga foleni nje. Mtoa huduma alileta grafu inayoonyesha laini ilikuwa hewani muda wote, na kwa mujibu wa mkataba alikuwa sahihi, kwa sababu humo kukatika kulimaanisha kutopita kwa pakiti, yaani kipande kidogo cha data, hata moja. Pakiti zilipita, ila nyingine zilipotea njiani.

Upotevu huo mdogo unadharauliwa sana, na ningependa kila meneja auelewe. TCP, utaratibu unaosafirisha data nyingi za intaneti, ikiwa ya mtindo wa zamani wa Reno, inapopoteza pakiti hudhani kuna msongamano, hivyo hupunguza mwendo. Chukua pakiti ya kawaida yenye baiti 1,460 za data, safari ya kwenda na kurudi ya milisekunde 180, na upotevu wa 1%. Kwa kanuni inayojulikana na wahandisi tangu 1997, muunganisho mmoja hautafika hata megabiti moja kwa sekunde. Iwe umelipia megabiti 20 au 100, ni hivyo hivyo. Mbinu mpya za TCP kama CUBIC na BBR zinavumilia zaidi, lakini huchagui seva ya upande wa pili inatumia ipi. Kwa hiyo mkataba uwe na viwango vya upotevu wa pakiti, ucheleweshaji na jita (kuyumba kwa ucheleweshaji huo), na useme wazi kwamba vikivukwa kwa muda fulani mfululizo, tuseme dakika 15, muda huo unahesabiwa kama wa kukatika. Kwa sauti, mwongozo wa G.114 wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, unapendekeza ucheleweshaji wa kwenda tu usizidi milisekunde 150. Upotevu chini ya 1% na jita chini ya milisekunde 30 ni viwango ambavyo mtoa huduma makini hatavikataa ndani ya mtandao wake mwenyewe.

Nasema ndani ya mtandao wake kwa sababu Uganda haina bahari. Pakiti ya kwenda Ulaya hutoka Kampala kwa nchi kavu, ikapita Malaba au Busia hadi Mombasa, au Mutukula kuelekea Dar es Salaam, ndipo iingie kwenye mkongo wa baharini. Kwenye faiba mwanga huchukua milisekunde tano hivi kwa kila kilomita 1,000, na hakuna mkataba unaoweza kuufanya uende kasi zaidi. Kwa hiyo omba viwango vitatu tofauti: kutoka ruta yako hadi ruta yake ya kwanza, kutoka kwako hadi UIXP, kituo cha hapa Kampala ambako mitandao ya nchini hubadilishana trafiki, na kutoka kwako hadi sehemu moja ya nje mliyokubaliana. Vikichanganywa kuwa kimoja, kila tatizo litasukumiwa baharini.

Bahari nayo ina yake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na Afrika Mashariki yote ikasikia, sisi tukiwemo. Mikataba mingi huweka ajali ya namna hiyo kwenye kifungu cha mambo yaliyo nje ya uwezo, pamoja na amri za serikali kama ile ya kuzima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Kuhusu amri, hakuna la kujadili na mtoa huduma. Kuhusu mikongo, lipo. Muulize ana uwezo kwenye mikongo mingapi na inaelekea upande gani. TEAMS, kwa mfano, hutoka Mombasa kwenda Fujairah, njia tofauti na ile ya kusini. Mwenye mkongo mmoja tu hapaswi kuruhusiwa kuuita mkato wake jambo lililo nje ya uwezo.

Swali hilo hilo uliza kuhusu nchi kavu. Nimeona ofisi zikilipia kampuni mbili, zikidhani zina laini ya akiba, kumbe zote mbili zimekodi nyuzi kwenye faiba ile ile kando ya barabara ya Jinja. Greda la barabara likipita, zote zinakwenda pamoja. Dai ramani ya njia, hata ya kuchora kwa mkono, na iambatanishwe kwenye mkataba. Kama njia ya pili ni ya redio, fahamu kuwa masafa ya juu ya gigahezi 10 hudhoofishwa na mvua kubwa, na mvua za Kampala tunazijua.

Sasa kupima. Usitegemee grafu ya mtoa huduma peke yake. Kompyuta ndogo ya bei nafuu yenye SmokePing, programu ya kupima ucheleweshaji na upotevu wa pakiti, inatosha kupima zile sehemu tatu mchana na usiku. Iunganishe kwenye ruta kwa kebo, kamwe isiwe kwa Wi-Fi, la sivyo utakuwa unapima udhaifu wa ofisi yako. Ilishe umeme wa betri ile ile inayolisha ruta, na uhifadhi kumbukumbu za betri hiyo. Hili ni muhimu mno kwetu, kwa sababu utetezi wa kwanza wa mtoa huduma ni kwamba umeme ulikuwa umekatika kwako, na mkataba humwondolea dakika hizo. Ruta ikionyesha kwamba haijazimika kwa wiki kadhaa, utetezi huo unaanguka. Saa za vifaa vyote zilinganishwe kwa NTP, utaratibu wa kusawazisha saa kupitia mtandao, na kwenye tiketi ya kuripoti hitilafu andika saa kwa mtindo wa saa 24. Ukisema saa nane na nusu, wewe ukimaanisha 14:30, mhandisi wa zamu anaweza kutafuta kwenye kumbukumbu za asubuhi, na tiketi itafungwa bila kitu kuonekana.

Lipo jukumu letu pia. Laini ikijaa kwa sababu wafanyakazi wanapakua video, si kosa la mtoa huduma. Alama za DSCP, zinazoonyesha kipaumbele, unazoweka kwenye pakiti za sauti kwa kawaida hazitaheshimiwa zikishaingia kwenye intaneti ya wote. Zina nguvu kwenye ruta yako, na kwenye laini ya matawi ikiwa mkataba unataja madaraja ya trafiki na kiasi cha kila daraja. Kinachosaidia zaidi ni kuzuia kasi chini kidogo ya uliyolipia. Laini ya megabiti 20, iwekee 18 au 19. Hapo foleni inajengeka ndani ya ruta yako, ambako unaweza kuitawala, badala ya kujengeka kwenye kifaa cha mtoa huduma ambacho hukigusi. Washa fq_codel, mpangilio wa ruta unaosimamia foleni hiyo, ipe sauti kipaumbele. Simu moja ya mtandao yenye sauti ya mfumo wa G.711 inahitaji kilobiti 90 hivi kila upande, hivyo hata simu kumi hazifiki megabiti moja. Nimeona ofisi zikitaka kununua kasi maradufu, na mpangilio huu peke yake ukatosha.

Kuhusu fidia, sitakudanganya. Tuseme unalipa shilingi milioni moja kwa mwezi na fidia ni 5%. Utarudishiwa 50,000, nayo hailipi hata sehemu ya hasara ya lori lililolala mpakani. Kwa hiyo usimalize nguvu zako za mazungumzo kwenye asilimia ya fidia. Zipeleke kwenye muda wa kurekebisha: ndani ya saa nne Kampala, labda nane Malaba, zikihesabiwa tangu ulipofungua tiketi na si tangu fundi alipoikubali. Hapo kuwa mkali. Kisha dai haki ya kuvunja mkataba bila faini ikiwa kiwango kimekosekana, kwa mfano, miezi mitatu ndani ya sita. Wauzaji watakuambia haiwezekani. Omba kuzungumza na aliye juu yao, kabla hujalipia ufungaji.

Mikataba mingi pia huweka ukomo wa kudai, mara nyingi siku 30 tangu hitilafu, na mingi haitoi fidia mpaka mteja aandike mwenyewe. Kwa hiyo mwisho wa mwezi, kabla ya kulipa ankara, toa taarifa ya SmokePing, ambatanisha namba za tiketi na kumbukumbu za betri, na uitume kwa barua pepe kwa meneja wa akaunti yako na kwa mhasibu wenu. Ukikosa jibu linaloridhisha kutoka kwao, barua hizo hizo ndizo utakazozipeleka Tume ya Mawasiliano, UCC, ambako utaulizwa kwanza kama ulilalamika kwa mtoa huduma wako.