Kucha Nyeusi za Wakimbiaji: Zinatoka Wapi na Ufanye Nini

Kila baada ya Kilimanjaro Marathon, kundi letu la WhatsApp hapa Moshi hujaa picha za vidole vya miguu. Kucha nyeusi, kucha za zambarau, kucha zilizokwisha kung'oka. Wapo wanaozionyesha kwa fahari, kana kwamba mtu hajawa mkimbiaji mpaka apoteze kucha. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Nimepoteza kucha za vidole gumba vya miguu yote miwili, nayajua maumivu yake, na naijua pia miaka niliyokimbia barabara hizohizo bila kupoteza hata moja. Tofauti ilikuwa kwenye kiatu na namna ya kukifunga.

Tuanze na kinachotokea humo ndani. Mguu unapoteleza mbele na kidole kugonga ncha ya kiatu, mara maelfu kwa maelfu, vimishipa vidogo vilivyo chini ya kucha hupasuka. Damu huvilia pale na haina pa kutokea, kwa hiyo husukuma kucha juu. Maumivu yale ya kupwita usiku ni damu hiyo iliyobanwa.

Mteremko ndio unaoumiza zaidi. Nusu marathoni ya hapa kwetu hupanda kuelekea kijiji cha Mweka, kisha hugeuka na kurudi chini. Watu wote huogopa kupanda, na mazoezi yao yote wanayaelekeza huko, lakini kucha huumia wakati wa kushuka, tena pale mtu anapojiachia kwa furaha kwamba kazi imekwisha. Waongoza wageni wa mlimani wanalijua hili vizuri. Njia ya Mweka kule juu hutumika kushukia tu, na mtu aliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, mara nyingi hulala siku hiyohiyo Kambi ya Mweka, kwenye mita kama 3,100. Hebu fikiria karibu mita 2,800 za kushuka kwa siku moja, vidole vikisukuma ncha ya buti muda wote. Ndiyo maana mwongozaji mzuri humwambia mgeni wake akate kucha kabla ya safari.

Sasa kiatu. Wengi wetu tunanunua raba za mitumba pale soko la Memorial, na sioni ubaya wowote. Zipo nzuri kuliko mpya za dukani. Ila usiiamini namba iliyoandikwa ndani, maana kila kampuni ina vipimo vyake. Nenda jioni, ukiwa umeshinda umesimama au umetembea, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na ukiwa mbioni huvimba vilevile. Beba soksi unazokimbilia. Kisha toa soli ya ndani ya kiatu, iweke chini, simama juu yake kwa uzito wako wote, na umwombe muuzaji aangalie mbele ya kidole chako kirefu kuliko vyote. Panatakiwa pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Nasema kidole kirefu kuliko vyote kwa makusudi: watu wengi kidole chao cha pili kimekipita kile kikubwa, na ukipimia kikubwa, cha pili ndicho kitakachoumia.

Soli hiyohiyo ina habari nyingine. Kwenye mtumba utaona vishimo vya vidole vya mwenyewe wa kwanza. Kama vishimo vimekaa ukingoni kabisa mwa soli, na kitambaa cha juu kimeanza kutoboka pale penye kidole gumba, huyo naye kiatu kilimbana. Kirudishe. Muuzaji atakuambia, "Kitaachia tu, bosi." Kiatu huachia upana kidogo. Urefu hauachii.

Ukishapata urefu sahihi, kazi iliyobaki ni kuuzuia mguu usiteleze mbele ndani yake, na hapo ndipo kamba zinapoingia. Raba nyingi za kukimbilia zina tundu moja la ziada juu kabisa, karibu na kifundo cha mguu, ambalo watu hawalitumii. Pitisha kamba kwenye tundu hilo upande uleule ilipotokea, bila kuivusha ng'ambo, ili kibaki kitanzi kidogo nje. Fanya hivyo upande wa pili. Sasa vusha kila ncha, iingize kwenye kitanzi cha upande mwingine, vuta kwa kwenda chini mpaka usikie kisigino kimekamatwa nyuma, halafu funga kama kawaida. Huku mbele, juu ya vidole, acha kamba zilegee. Jaribu kwenye mteremko wowote wa karibu na kwako. Utaisikia tofauti kabla hujamaliza kilomita ya kwanza. Ukishuka, fupisha hatua badala ya kuzirefusha.

Kucha zenyewe zikate mlalo, zikiwa fupi, bila kuchimba pembeni kwa wembe, kwani huko ndiko huanza kucha kuota ndani ya nyama. Zikate siku mbili tatu kabla ya mbio. Soksi za pamba tupu hushika jasho. Tafuta zilizochanganywa nyuzi nyingine.

Na kama imeshatokea? Ikiwa ni doa dogo lisilouma, liache. Ikiwa kidole kinapwita na huwezi hata kuvumilia kuguswa na shuka la kitandani, nenda kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Mtaalamu hutoboa tundu dogo kwenye kucha, damu ikatoka, na nafuu huja palepale. Nimefanyiwa, najua. Usijitoboe nyumbani kwa sindano ya kushonea iliyopashwa kwenye mshumaa. Nimeona kidole kilichoharibiwa hivyo na sitaki ukione. Ukichelewa zaidi ya siku mbili, damu huwa imeshaganda na kutoboa hakusaidii sana.

Usiing'oe kucha inayolegea. Inaifunika nyama laini iliyo chini yake, na mara nyingi itajitoa yenyewe mpya ikishaanza kuota. Kata ile sehemu inayoning'inia tu ili isinase kwenye soksi. Ikitoka yote, osha kwa maji safi na sabuni, kausha vizuri, paka mafuta ya mgando kiasi, funika kwa plasta na ubadilishe kila siku. Ukiona usaha, joto, wekundu au uvimbe unaopanda mguuni, hapo si pa kusubiri. Na mwenye kisukari asisubiri chochote kati ya hivyo: kidonda chochote cha mguu akionyeshe mapema.

Subira inahitajika. Kucha ya mguu hukua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo ile ya kidole gumba huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kurudi yote. Mwanzoni huja na mikunjo, isikutishe.

Lililobaki ndilo ninalolijali kuliko yote. Mwaka 1977 Bob Marley aligundulika kuwa na saratani ya ngozi chini ya kucha ya kidole cha mguu, kidonda ambacho kilidhaniwa kuwa ni cha mpira. Alifariki Mei 1981, akiwa na miaka 36. Saratani ya aina hiyo kwa jumla ni nadra, lakini kwetu watu weusi, saratani hiyo ya ngozi inapotokea, mara nyingi hutokea nyayoni, viganjani au chini ya kucha. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa wengi wetu. Cha kuangalia ni mstari au doa jipya kwenye kucha moja, linalopanuka, au weusi unaoenea hadi kwenye ngozi ya kando ya kucha.

Piga picha ya kucha yako leo, na nyingine kila mwezi. Damu iliyovilia husogea mbele pamoja na kucha, na kule nyuma hutokea sehemu safi. Kama baada ya miezi miwili au mitatu weusi uko palepale, au hukumbuki kuumia, nenda na hizo picha hospitali. Mwambie daktari wazi kwamba doa halisogei, na umwombe alichunguze kama linahitaji kuchukuliwa kipande cha kupimwa.