Sauti tatu, watu wawili

SWALI: Shikamoo Babu Santuri. Marehemu baba aliniachia santuri ya Beach Boys wa Marekani yenye wimbo God Only Knows. Mwishoni sauti zinafukuzana hadi nachanganyikiwa. Wanaimba wangapi pale? – Binti wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Wimbo huo ni wa 1966, umo katika albamu ya Pet Sounds. Brian Wilson aliutunga na Tony Asher. Anayeongoza ni Carl, mdogo wake Brian. Alikuwa na miaka 19 tu, na anaimba bila kujikamua, kama anayezungumza na mtu barazani.

Ule mwisho sasa! Ni watu wawili, si kumi. Bruce Johnston kashika sauti ya kati. Brian kaimba ya juu, na ile ya chini pia ni yake, kwa kurekodiwa mara mbili. Mmoja anaingia mwenzake hajamaliza, basi maneno yaleyale yanapishana kama feri za Likoni, moja yaja, moja yaenda. Katika taarabu yetu, kwa kawaida kiitikio humsubiri mwimbaji.

Jaribu hivi. Usiku, zima feni (najua, joto la Kisauni!), ufuate sauti ya chini peke yake mpaka ipotee. Rudisha sindano, ufuate ya kati. Mimi hufanya hivyo na kikombe cha kahawa chungu, na mke wangu huniuliza kama santuri imekwaruzika.