Maswali yenu: mlima mkali na baiskeli imejaa mzigo

SWALI: Habari za kazi mshauri. Napenda sana safari ndefu za baiskeli, nabeba hema, jiko na nguo, kama kilo 25 hivi na zote nazifunga kwenye keria ya nyuma. Tambarare sina shida ila nikikuta mlima mkali tu mambo yanaharibika, pumzi inakata hata nusu sijafika, magoti yanauma kwa mbele alafu hendo inacheza cheza kama vile tairi la mbele linataka kunyanyuka. Gia yangu nyepesi kabisa ni meno 39 mbele kwenye pedeli na 28 nyuma kwenye tairi. Mwenzangu ananiambia nisimamie pedeli nikaze, eti ni mazoezi tu. Ni kweli?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Mazoezi yatakusaidia lakini ugonjwa upo kwenye hayo meno uliyoyataja. Tupige hesabu kidogo. Ukigawanya 39 kwa 28 unapata karibu 1.4, yani pedeli ikizunguka mara moja tairi linazunguka mara moja na karibu nusu, na kwa tairi la kawaida lenye mzunguko wa mita 2.1 hivi unakuwa umeenda karibu mita 3. Sasa miguu ikizunguka mara 60 kwa dakika, na hapo ni taratibu tu, tayari unatakiwa uwe kwenye kilomita 10 na nusu kwa saa. Kwenye mlima wa asilimia 8 (kila mita 100 unapanda mita 8), wewe, baiskeli na mzigo mkiwa kilo 110 kwa pamoja, hiyo kasi inadai nguvu ya wati 250 na ushee, na ni watu wachache sana wanaoweza kushikilia hivyo mlima mzima. Ndo maana unashindwa kuzungusha, unabaki unakandamiza pedeli polepole kwa nguvu zote, na goti ndo linalipa.

Weka meno 24 mbele na 34 nyuma uone. Mzunguko mmoja wa pedeli unakuwa mita 1 na nusu, kwa mizunguko ile ile 60 unaenda kilomita 5 na kitu kwa saa na nguvu inayotakiwa inashuka nusu. Miguu ile ile, mlima ule ule. Kabla hujanunua mwonyeshe fundi baiskeli yako, maana si kila kibadilisha gia cha nyuma kinabeba meno mengi hivyo na pengine cheni itabidi iwe ndefu zaidi. Na asikwambie mtu gia nyepesi ni za wanyonge, hayo maneno ni ya zamani sana, hata Tour de France mpaka mwaka 1937 ndo ikawaruhusu wakimbiaji wake wote kutumia vibadilisha gia.

Kuhusu hendo kucheza, mzigo wote upo nyuma na mlima nao unauvuta nyuma zaidi, kwa hiyo tairi la mbele linabaki jepesi. Hamishia vile vizito, jiko, vyakula na vifaa vya kutengenezea, kwenye mabegi ya mbele yanayoning'inia chini karibu na ekseli, hema libaki nyuma. Pima pande mbili zilingane.

Mwenzako hajakosea kabisa, kusimama kwa sekunde chache kunapumzisha misuli na makalio, ila kupanda mlima mzima umesimama na mabegi yanayumba huku na huku ni kumaliza nguvu bure. Kaa kwenye siti, legeza mikono, na uanze mlima taratibu kuliko unavyojisikia kwenda, kiasi kwamba unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Gia ibadilishe mapema, mlima ukishakukaba na unakandamiza kwa nguvu cheni inaweza kuruka au kukatika kabisa.

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi nikisimama katikati ya mlima kupumzika siwezi kuondoka tena, nakanyaga mara moja baiskeli inalala. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba. Kwanza angalia nyuma, kama hakuna gari igeuze baiskeli ikae kimshazari barabarani, sio kutazama juu moja kwa moja, hapo mwinuko unapungua. Kamata breki zote mbili. Uwe kwenye gia nyepesi lakini sio ile ya mwisho kabisa, hiyo inazunguka bure kabla hujapata mwendo. Mguu wenye nguvu uweke kwenye pedeli iliyo juu na mbele kidogo, kama mshale wa saa ukiwa kwenye 2, alafu kandamiza na kuachia breki kwa wakati mmoja huku unakaa kwenye siti, na mguu wa pili usihangaike kutafuta nafasi nzuri, uzungushe tu, utakaa sawa baadaye.

Magari yakiwa mengi usijaribu huo mshazari, shuka usukume. Mkono mmoja hendo, mwingine nyuma ya siti, mwili uuinamishe mbele, na ukitaka kupumua bana breki kwanza ndo usimame. Ikifika mahali unaendesha kwa mwendo wa mtu anayetembea na baiskeli inayumba, kusukuma kunakutumikisha misuli mingine na ile ya kukanyagia inapata nafuu, kwa hiyo shuka mapema kabla hujaishiwa kabisa.