Re: Mchina anayefeli ufahamu wa Kiingereza afanyeje?

Mkuu, umesema rafiki yako Mchina anajiandaa na CET-4 (mtihani wa Kiingereza wa wanafunzi wa vyuo vikuu China), msamiati anao wa kutosha lakini kwenye ufahamu anaanguka. Mimi naona kinachomkwamisha ni muundo wa sentensi. Kwa Kichina, maelezo ya nomino hutangulia nomino yenyewe, hata yawe marefu vipi. Kiingereza huyapachika yaliyo marefu nyuma ya nomino, na kitenzi kikuu kinaweza kusukumwa mbali kabisa. Kila siku achukue sentensi moja ndefu, apigie mstari kiima na kitenzi kikuu, ndipo aguse mengine. Na aache kutafsiri kichwani neno kwa neno, atachoka bure.

Kuhusu mtihani wenyewe: ufahamu una asilimia 35 ya alama, dakika 40. Kujaza nafasi 10 kwa kuchagua kati ya maneno 15 kuna asilimia 5 tu, na hapo ndipo wengi wanapomalizia muda, ajabu kweli! Vile vifungu viwili vya mwisho, maswali matano kila kimoja, vina asilimia 20. Aanze na hivyo, na asome maswali kwanza. Mitihani ya nyuma inamtosha, ila kila akikosa arudi kuitafuta sentensi iliyomponza.